Injini Haivuti Lori

Nimechoka kuelezwa. Mwaka huu peke yake wajukuu wangu wamenieleza mara tatu jinsi gari linavyoweza kuwa na injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na mara zote tatu wameeleza polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba uzee wangu umo masikioni. Wa mwisho alikuja na gari lenyewe. Liliingia uani bila mlio, kuku wakalisikia likiwa limeshawafikia. Akatoa waya nyuma ya gari, akauliza soketi iko wapi, halafu akaanza: babu, hili unalichaji nyumbani, linatembea kwa betri, betri ikipungua injini inawaka kuijaza. Nikamwambia najua. Akacheka, akanigusa bega, akaendelea kueleza.

Ati najua vipi? Najua kwa sababu nimelilea lori la namna hiyo kwa mikono yangu, hapa hapa, chini ya mlima ulio juu ya Shelui, wakati wa Mwingereza, vita vya Hitler vikiendelea huko kwao. Na nilimeza hasira nyingi sana kwa ajili ya lori lile, hasira ambayo hadi leo haijaisha yote. Sehemu iliyobaki najikasirikia mwenyewe. Wacha niandike, maana kwa mdomo hawanisikilizi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nikifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Wembere. Umeme wa machimbo ulitoka kwenye boila iliyokula kuni mchana na usiku, na kuni hazikuwa shida. Shida ilikuwa petroli. Kwa sababu ya vita petroli ilitolewa kwa kibali, tena kidogo, na malori mawili ya machimbo yalikuwa yamewekwa juu ya mawe, matairi yakikauka. Ndipo injinia wa mashine, Mzungu mmoja mkimya aliyekuwa na mafuta ya mashine hadi kwenye ndevu, akakumbuka gofu la lori lililokuwa nyuma ya karakana tangu vita vya Mjerumani.

Lori lile tangu lilipotengenezwa halikuwa na gia. Injini yake ilizungusha dinamo, dinamo ikatoa umeme, umeme ukaenda kwenye mota, na mota ndiyo iliyozungusha magurudumu. Injini yenyewe, kubwa, ilikuwa imeshakufa. Injinia akaitoa, akaweka mahali pake injini ndogo iliyokuwa ya kusaga mahindi, na nyuma ya kiti cha dereva akapanga betri nzito za machimbo, safu mbili, ndani ya sanduku la mbao. Jioni tulilifunga lori kwa waya kwenye umeme wa boila. Asubuhi betri zimejaa, unafungua swichi, lori linaondoka kimya kabisa. Lilitembea kwa kuni, kama unataka kusema ukweli. Safari ikiwa ndefu, ile injini ndogo inawashwa, inazungusha dinamo, dinamo inarudisha umeme kwenye betri, na lori linafika mbali kuliko ambavyo betri peke yake zingefika. Debe moja la petroli lilitufanyia kazi ambayo lori la kawaida lingekula madebe manne.

Mimi nilikuwa mtu wa betri. Nilizijaza maji, nilisugua vichwa vyake kwa maji ya magadi vikiota ukungu wa kijani, na nilisoma saa yenye mshale iliyoonyesha umeme uliobaki. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilikuwa nimesoma misheni madarasa manne na nilijua tarakimu. Niliipenda. Zaidi ya kuipenda, niliihitaji, na nitasema waziwazi kwa nini. Kabla yake nilikuwa nimepelekwa shimoni, nikakaa siku sita. Ngazi ya kuteremkia ilikuwa ya miti, inalowa maji kutoka juu hadi chini, na unateremka huku taa ya aliye juu yako ikikudondoshea masizi. Siku ya sita nilikwama katikati ya ngazi, nikashindwa kwenda chini na nikashindwa kurudi juu, wanaume wazima wakanisubiri wakinitukana. Niliapa sitarudi tena. Watu walijua, na walinitania, ati nashindwa hata na panya buku.

Basi siku moja pampu ya umeme iliyokuwa ikitoa maji shimoni ikavunjika. Ekseli yake ilikatika vipande viwili. Wakafunga pampu za mkono, na kila pampu ilitaka watu wanne kwa zamu, mchana na usiku. Watu hawakutosha. Injinia akaniita karakanani, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba ekseli na kichwa cha pampu vitapelekwa Singida kutafutiwa vingine, kwa lori la betri, na kwamba hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza lori kupanda mlima likiwa na mzigo. Likipanda, lori litabaki na mimi nitabaki nalo. Lisipopanda, atalivunja, betri zitarudi kwenye taa, na mimi nitakuwa mtu asiye na kazi wakati pampu zinalilia watu. Hakunitisha. Alisema tu jinsi mambo yalivyokuwa. Lakini usiku ule sikulala, niliiona ile ngazi.

Sasa njoo kwa dereva. Dereva alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, toka nitoke. Mtu wa miaka hamsini, mrefu, mpole, na kwa upole huo huo alikuwa na kichwa kigumu kuliko mwamba tuliokuwa tukiuchimba. Kabla ya lori alikuwa akiendesha mkokoteni wa ng'ombe kumi na wawili, akipandisha mizigo mlima ule ule, miaka na miaka. Injinia alimchagua kwa sababu hiyo: aliijua kila kona ya mlima, na hakuwahi kuporomosha mkokoteni hata mmoja. Usukani aliujifunza kwa siku tatu. Breki alizijua kwa silika. Kitu kimoja tu hakikuingia kichwani mwake, nacho ndicho kilichokuwa na maana kuliko vyote.

Mjomba aliamini injini inavuta lori. Aliamini lori lina wavutaji wawili chini ya nira moja, mota na injini, mmoja mtaratibu na mwingine mwenye kelele. Na kwa kuwa yeye alikuwa bingwa wa ng'ombe, alijua mvutaji hatumiwi ovyo tambarare. Tambarare unampumzisha, unamwacha atembee bila kubanwa, ili ukifika mlimani awe na nguvu. Hivyo mjomba alikuwa akizima injini tambarare, anaipumzisha, akikusudia kuiwasha mlimani ikiwa mbichi. Kwa ng'ombe alikuwa sahihi kabisa. Kwa lori lile ilikuwa kinyume chake, tena kinyume kibaya.

Kwa maana injini ile ndogo haikuwahi kuvuta kitu. Kazi yake ilikuwa kujaza betri basi. Tambarare mota inakula umeme kidogo, injini inatoa zaidi ya kinacholiwa, ziada inaingia kwenye betri. Mlimani mota inakula mara nne, mara tano, na injini hata ikipiga kelele mpaka ipasuke haiwezi kutoa kiasi hicho. Kinachokupandisha mlima ni kile ulichokiweka kwenye betri kabla hujaufikia. Ukiizima injini tambarare ukaja kuiwasha mlimani umekwisha, unaanza kuchota maji nyumba ikiwa imeshashika moto. Mimi niliona hilo wiki ya kwanza, kwa mshale tu, bila kuelezwa na mtu.

Nikamweleza mjomba. Haki ya Mungu nilimweleza! Nilianza kwa adabu zote, jioni, nyumbani kwake, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kifupi kuliko chake, kama ilivyopasa. Kwanza nikakwama kwenye maneno, maana kwa Kinyiramba hapakuwa na jina la dinamo wala la umeme, nikawa naruka kwenye Kiswahili, kisha Kiingereza cha misheni, mke wake akafunika mdomo kwa khanga akicheka. Nikahamia kwenye mtungi wa maji. Nikasema betri ni mtungi, mota ni mnywaji, injini ni mwanamke anayekwenda kisimani. Mjomba akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole: na mwanamke huyo hachoki? Nikasema ni injini, mjomba, haichoki. Akasema kila kinachokula kinachoka, na injini inakula petroli.

Siku nyingine nikachora kwenye majivu. Siku nyingine nikamwonyesha mshale wa saa, akasema mshale ule unatikisika kwa sababu ya barabara. Kisha akanipa hoja yake mwenyewe, na nakiri hadi leo ilikuwa hoja nzuri. Alisema: injini ikiwaka tambarare, lori linaongeza mwendo? Nikasema haliongezi. Akasema: ikizimwa, linapunguza? Nikasema halipunguzi. Akafungua mikono yake, kama mtu aliyemaliza kesi. Kwa hiyo inapiga kelele bure, akasema, na petroli ya Bwana inaungua bure. Niliondoka pale nikiwa nimeuma meno hadi taya zikaniuma.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kumwambia mjomba wako hujui, usoni? Kwetu mjomba ndiye anayekutolea neno siku ya kuoa. Ndiye anayekaa mbele mama yako akifiwa. Nilimwamkia shikamoo kila alfajiri kabla hajapanda lori, akaitika marahaba, na baada ya hapo nilikuwa na nafasi ndogo sana ya kusema chochote chenye meno. Nilisema kwa kuzunguka. Nilisema labda, nilisema nadhani, nilisema hivi mjomba huoni. Maneno ya namna hiyo hayawashi injini.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba kila mtu alimsifu. Safari zetu za mwanzo zote zilikuwa fupi, Shelui na kurudi, kupeleka watu na kuleta unga. Tambarare tupu. Betri peke yake zilitosha, injini ikiwashwa au isiwashwe tulifika. Mjomba akawa anarudi na debe la petroli karibu kama alivyoondoka nalo, na msimamizi wa stoo akamsifu mbele ya foleni nzima kuwa ndiye dereva asiyekunywa petroli. Wakampa blanketi. Alilivaa mabegani wakati wa jua kali. Mimi niliyejua kwamba siku tutakapopanda mlima tutaumbuka, nilisimama pembeni na chupa yangu ya maji ya betri, hakuna aliyeniuliza kitu.

Aliyeniuliza alikuwa injinia peke yake, jioni ya kuamkia safari. Aliniuliza kama nimemwelekeza mzee kuwasha injini mapema, tangu Shelui, kabla ya mlima. Hapo ndipo ningeweza kusema, nimejaribu bwana, hanisikii, mwambie wewe. Lakini ningekuwa namshtaki mjomba wangu kwa Mzungu, na tena ningekuwa nakiri kwamba kazi ya lori siiwezi, usiku wa kuamkia siku ya kupimwa. Nikasema ndiyo, nimemwelekeza. Injinia akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Asubuhi alitangulia kwa pikipiki, akasema atatusubiri juu mlima unapokwisha.

Tuliondoka kumekucha vizuri. Ekseli na kichwa cha pampu vilifungwa kwa kamba katikati ya lori, uzito ambao lori lile halijawahi kubeba. Mjomba kwenye usukani na blanketi lake, mimi nyuma kwenye sanduku la betri, macho kwenye mshale. Swichi ya injini ilikuwa mbele, mkononi mwake. Kati yetu kulikuwa na ubao wenye tundu la kutosha kupitisha sauti.

Mshale ulianza juu kabisa. Hadi Shelui ukawa umeshuka robo, kwa ajili ya ule mzigo. Nikasogeza mdomo kwenye tundu nikasema, mjomba, labda tuwashe. Akasema bado, mlima bado. Tulipita Shelui watu wakisimama kutazama lori lisilo na mlio, mjomba akawapungia mkono. Nje ya Shelui mshale ukagusa nusu. Nikasema tena. Akasema, mwache apumzike. Alisema "apumzike", kana kwamba anamzungumzia fahali. Nikagonga ubao kwa ngumi, akadhani ni mzigo unagonga, akapunguza mwendo ili usinidhuru. Alikuwa mwema hivyo. Nilitaka kulia.

Mguu wa mlima tulifika mshale ukiwa chini ya nusu, na hapo, kwa fahari, mjomba akawasha injini. Ikanguruma. Watengeneza barabara waliokuwa wakivunja kokoto wakainua vichwa. Mimi nikatazama mshale, na mshale haukupanda hata nywele moja. Uliendelea kushuka, mwendo ule ule karibu, maana mota ilikuwa inakula kwa kasi kuliko injini inavyolisha. Kona ya kwanza tukapita. Ya pili tukapita tukisota. Kona ya tatu lori likawa linakwenda kwa mwendo wa mama mjamzito, na baada ya kona ya tano, mahali ambapo ukiinua shingo unaona kilele, likasimama. Injini inanguruma, mota haina nguvu, magurudumu hayazunguki. Nikaruka chini nikayawekea mawe.

Mjomba akashuka. Akalizunguka lori. Akaweka kiganja juu ya injini, ilikuwa ya moto, akasema imechoka, tuizime ipoe.

Sikumbuki kama niliamua. Nilisikia sauti yangu ikitoka, kubwa, kwa Kiswahili ili hata wale wavunja kokoto waelewe: "Usiguse! Hujui kitu! Miezi mitatu nakueleza na hujui kitu!"

Kokoto zikanyamaza. Mjomba alinitazama. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kuelekea kwenye swichi, akaurudisha taratibu, akaufuta kwenye blanketi. Kisha akasogea kando ya barabara, akakaa juu ya jiwe, akanipa mgongo kidogo.

Nikaiacha injini ifanye kazi yake lori likiwa limesimama. Sasa hakuna aliyekuwa akila umeme, wote uliingia kwenye betri. Tulikaa pale hadi jua likafika utosini, injini inanguruma, petroli inapungua debeni, mshale unapanda kwa mwendo wa konokono, na mjomba juu ya jiwe lake. Mshale ulipovuka nusu nikapanda mimi kwenye usukani. Sikumwomba ruhusa. Yeye alipanda nyuma, akakaa mahali pangu, juu ya sanduku la betri. Nikaondoa breki, lori likavuta, likapanda kona zilizobaki bila kusita, na moyoni, badala ya aibu, nilikuwa na furaha. Niliona furaha. Sitaki kudanganya.

Injinia alikuwa amekaa juu ya pikipiki, jua limempiga hadi shingo imekuwa nyekundu. Alitazama saa yake, akatazama aliyekuwa kwenye usukani, akatazama debe, lilikuwa limebaki vidole viwili. Akauliza kumetokea nini. Mjomba alikuwa ameshaanza kushuka nyuma, akisema kwa utaratibu wake, "Bwana, kosa ni la..." na mimi nikamkatiza. Nilikuwa nimejaa. Nikasema: "Alizima injini tambarare. Nilimwambia."

Ilikuwa kweli tupu. Injinia alifikiri kidogo tu. Akasema basi kuanzia leo lori litaendeshwa na mtu mmoja, anayelielewa, na betri atazitazama huyo huyo, hapahitajiki wawili. Mzee atakwenda kwenye pampu, watu wanahitajika. Alisema bila ubaya, kama alivyoniambia mimi wiki ile karakanani. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Kwamba yule ni mjomba wangu. Kwamba safari fupi anaziweza vizuri kuliko mtu yeyote. Kwamba jana niliulizwa nikasema nimemwelekeza, na halikuwa jibu la kweli lote. Mdomo ulikuwa pale pale usoni pangu, haukufunguka. Mjomba akasema ndiyo Bwana. Tukaendelea na safari hadi Singida, petroli ikiongezwa kutoka kwenye kopo la pikipiki, injini ikiwaka njia nzima tambarare, mshale umetulia juu. Lori halijawahi kwenda vizuri vile.

Mama alipata habari kabla sijarudi, kutoka kwa wavunja kokoto nadhani, maana habari mbaya haikosi gari. Nilipofika hakunipa maji. Aliniambia kaka yake amemlea tangu baba yao alipofariki, amemwoza, amenibeba mimi mgongoni nikiwa na surua hadi misheni, na mimi nimemvua nguo barabarani mbele ya watu. Nikaanza kumweleza habari za betri na dinamo. Akainuka akaingia ndani, nikabaki naueleza ukuta.

Ekseli haikupatikana Singida. Wakasema itaagizwa, na meli za vita zilikuwa zikibeba askari, si ekseli. Pampu za mkono zikaendelea wiki baada ya wiki. Mimi nikaendesha lori. Nilipanda ule mlima mara nyingi, kila mara injini nikiiwasha toka Shelui, kila mara nikifika juu na mshale una nafasi, na injinia akawaambia wageni wake kuwa huyu ndiye dereva wake. Njia ya karakana kwenda stoo ilipita karibu na mdomo wa shimo. Nilijizoesha kuzunguka nyuma ya boila. Saa nane, zamu zikibadilishana, nilikuwa na kazi chini ya lori kila siku, hata lori likiwa halina ugonjwa wowote.

Siku moja mchana nilikuwa nachemsha chai nyuma ya karakana, nikasikia mtu anakohoa, nikainua macho, mjomba. Alikuwa amekonda shingo. Mikono yake ilikuwa imepasuka viganjani kwa mpini wa pampu, na miguu imekuwa myeupe kwa maji, ya mtu mwingine kabisa. Nikamwamkia. Akaitika kama siku zote, akakaa kwenye debe tupu, akapokea kikombe. Tukanywa. Nilikuwa nangoja anitukane, nilikuwa nimelitayarisha hata jibu.

Akasema ameelewa.

Sikujua anasema nini. Akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru, akanieleza. Kule chini, alisema, kuna shimo dogo ambamo maji yote hukusanyika, na pampu yao inanyonya kutoka humo. Pampu ni ndogo. Kila wakipasua mwamba kwa baruti, maji huja mengi, zaidi ya inavyoweza kutoa, hata msukume watu wanne hadi mzimie. Wiki ya kwanza yeye na wenzake walikuwa wakipumzika wakati kumetulia, ili wawe na nguvu baruti ikilia. Maji yakawafika kifuani mara mbili. Siku hizi wanasukuma wakati kumetulia, wakati unaona hakuna kazi kabisa, wanalikausha lile shimo mpaka chini, na baruti ikilia maji yanakuta nafasi.

"Kumbe ndilo ulilokuwa unaniambia," akasema.

Nikasema ndilo. Miezi mitatu nilikuwa nimetafuta maneno hayo, kwenye majivu, kwenye mitungi, kwa lugha tatu, na yeye ameyaleta yakiwa yamekamilika, kwa Kinyiramba safi, bila dinamo hata moja ndani yake.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Kisha akaniuliza, bila lawama, kama mtu anayetaka kujua tu: "Lakini pampu ya umeme si ilikuwa inafanya hivyo hivyo, siku zote zile? Mbona hukuniteremsha siku moja tu nikaiona?"

Mdomo wa shimo ulikuwa hatua hamsini kutoka mahali lori lilipolala kila siku. Ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Ningemshika mkono nikamwonyesha, angeona, angewasha injini toka Shelui, tungepanda mlima na mzigo wetu, na leo angekuwa kwenye usukani na blanketi lake. Nilikuwa nimewaza kila njia ya kumweleza ambayo haikunitaka nikanyage ile ngazi. Nikatafuta uongo, sikuupata.

"Niliogopa ngazi, mjomba."

Alimaliza chai yake, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Chuma cha zamu ya saa nane kikagongwa. Akainuka, akajifunga kamba kiunoni.

"Hata mimi naiogopa," akasema. "Kila siku." Kisha akaenda kuteremka.